Pumzi Iliyokwisha Kuandikwa

Valvu mbili juu ya gunia.
Nyekundu imeng'arishwa hadi unaona meno yako ndani yake;
nyeusi ni ya plastiki, imechubuka ubavu,
imetoka kwenye gari la Mjerumani lililokufia Segera.
Shekiondo anainua nyekundu, anairudisha, anainua tena.
"Ndiyo hii?"
Ndiyo hiyo inayopiga kelele.
"Funga."

Barabara ya Kumi na Saba, Ngamiani, saa saba mchana,
bati linaalika kwa joto.
Altezza ipo juu ya mawe, kinywa wazi,
na turbo niliyoifunga jana kwa boliti sita
(mbili zilikatikia mkononi, chumvi ya Tanga haina adabu)
inasubiri kuambiwa pumzi yake itokee wapi.

Ngoja kwanza, nikamwambia.
Ukikanyaga mafuta, turbo inasukuma upepo bombani.
Ukiachia ubadili gia, kile kipepeo mdomoni mwa injini kinafunga, pa!
Upepo umekwisha fika. Mlango umefungwa. Utakwenda wapi?

Sikuuliza ili nijibiwe.
Lakini akajibu, polepole, akilitafuta kila neno kwa kidevu:
"Unarudi... kifuani."

Nilisoma naye Makorora, dawati moja.
Mwalimu akimwita, sisi ndio tuliommalizia sentensi,
tukijiona wema.
Nikainamia spana yangu.

Basi, nikaendelea, tunaufungulia dirisha.
Nyeusi inaurudisha nyuma, karibu na chujio, uzunguke, ungoje zamu.
Nyekundu inaumwaga nje, mtaa mzima ukasikia.
Ila ukiumwaga kuna hasara.
Unakiona hiki, hapa mwanzo wa bomba? Huyu ni karani.
Kila pumzi inayoingia anaiandika,
na petroli inapakuliwa kwa daftari lake.
Upepo ukitorokea njiani, karani hana habari:
chakula kinaletwa cha watu kumi, mezani wapo sita.
Plagi zinajaa masizi. Gari linakohoa,
linakuzimikia Mabanda ya Papa mbele ya watu walewale
uliotaka wakusikie.

Nikafunga nyeusi. Ndiyo iliyo sawa,
nami nalipwa kwa kujua iliyo sawa.

Tukaenda nayo hadi Pongwe,
tukayapita malori ya saruji kama yamesimama.
Gia ya pili, ya tatu, akaachia:
chini ya boneti, kitu kama mtu anayemeza mate.
Tena. Likameza tena.
Gari zuri. Halikukohoa hata mara moja.
Shekiondo akaegesha kando ya mkonge, akazima,
akashika usukani kwa mikono miwili.

Neno lilikuwa linakuja. Nililiona shingoni mwake.
Nililijua, lilianza na N,
na ulimi wangu ulikuwa tayari, ule ule wa dawati la Makorora.
Nikauma shavu kwa ndani.
Lori likapita. Lori la pili likapita.
"Nyekundu," akasema.
Neno zima, bila ufa.

Nimeifunga. Nimekaza springi kuliko inavyotakiwa,
labda itavumilia gari likiwa limesimama.
Pesa ya nyeusi nimemrudishia, hakuhesabu.

Sasa saa nne usiku, nasuuza vyombo, dirisha liko wazi.
Kutoka upande wa Kwaminchi: gia ya pili. Ya tatu.
Pshaaaa.
Mbwa wa jirani anaitika.
Pshaaaa, tena, ndefu, kama mtu aliyeambiwa aendelee.
Kisha kikohozi. Kisha kimya: limezima.
Kisha selfu, mara moja, mara mbili,
limewaka.

Kesho ataniletea plagi.
Nimeshaweka brashi ya waya karibu na mlango.